Familia Iliyotekwa Mara Mbili: Filamu za Mateka wa Nyumbani na Dai la Kioo cha Jamii

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ni vigumu kupata kauli inayorudiwa mara nyingi zaidi kuliko ile isemayo kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Mwanafunzi huikuta katika shule ya upili, huiandika katika mitihani, na akifika chuo kikuu huikuta tena ikiwa imevishwa joho la nadharia ya uhalisia. Kauli hii ina manufaa yake, kwa kuwa humkumbusha msomaji kwamba kazi ya sanaa haichipuki katika ombwe. Hata hivyo, ni nadra kwa wahakiki kuuliza swali linaloifuata kwa karibu: yule anayedaiwa kuonekana ndani ya kioo ana haki gani juu ya sura yake?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuata historia ya utanzu mmoja mdogo wa filamu za Marekani, yaani filamu za taharuki ya kisaikolojia ambamo familia hutekwa ndani ya nyumba yake yenyewe. Utanzu huu umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ulikuzwa kwa kiasi kikubwa na watayarishaji wenye fedha kidogo, hivi kwamba uhusiano kati ya uhaba na fani huonekana humo waziwazi. Pili, ni katika utanzu huu ambapo familia halisi, iliyotekwa mwaka 1952, ilikwenda mahakamani kulalamika kwamba kioo kilikuwa kimesema uongo. Hoja inayotetewa ni kwamba masharti ya fani yaliidai hadithi ukatili ambao tukio lenyewe halikuwa nao, na kwamba familia haikudhuriwa na ubunifu huo kwa kuwa ni ubunifu. Ilidhuriwa pale ubunifu ulipotangazwa kuwa ni ukweli.

Usuli wa Utanzu

Mbegu za utanzu huu zilipandwa jukwaani kabla ya kuhamia kwenye filamu. Mwaka 1935 tamthilia mbili zilizochezwa Broadway, jijini New York, ziliweka watu wa kawaida chini ya mtutu wa bunduki mahali pamoja. Ya kwanza ni The Petrified Forest ya Robert Sherwood, ambamo jambazi Duke Mantee anawazuia wateja na wenyeji wa mkahawa mmoja katika jangwa la Arizona. Humphrey Bogart aliigiza nafasi ya Mantee jukwaani, kisha katika filamu ya mwaka 1936, na nafasi hiyo ndiyo iliyomjengea jina. Ya pili, ambayo haikupata sifa kubwa kama hiyo lakini ina uzito zaidi kwa mada hii, ni Blind Alley ya James Warwick.

Katika Blind Alley mwenye nyumba ni mtaalamu wa saikolojia. Mhalifu aliyetoroka gerezani anaiteka familia yake pamoja na wageni wake, na mtaalamu huyo, kwa kukosa silaha nyingine, anaanza kumhoji mtekaji kuhusu ndoto inayomsumbua. Mtekaji huota yu chini ya mwavuli unaovuja mvua. Kidogo kidogo maana yake hufichuka: akiwa mtoto alimsaliti baba yake kwa polisi, akajificha chini ya meza, na damu ya baba ikamdondokea. Maana hiyo ikishajulikana, mhalifu hawezi tena kufyatua bastola. Kampuni ya Columbia iliitengeneza filamu ya tamthilia hii mwaka 1939 chini ya uelekezi wa Charles Vidor, ikairudia mwaka 1948 kwa jina la The Dark Past chini ya Rudolph Maté.

Mtu anaweza kuubeza uchanganuzi nafsi wa namna hii kwa wepesi wake. Tiba ya miaka mingi humalizwa hapa kwa usiku mmoja. Lakini kwa historia ya utanzu, Blind Alley iliacha urithi muhimu. Ilithibitisha kwamba pambano baina ya mtekaji na mateka linaweza kuendeshwa kwa maneno, na kwamba kiini cha taharuki kinaweza kuwa ndani ya akili ya mhusika. Kufyatuka kwa risasi kuligeuka kuwa jambo la kungojewa, na kungojea huko ndiko kulikojaza muda wa mchezo.

Uhaba kama Chimbuko la Fani

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kampuni kubwa za filamu zilivunja sheria za ushindani kwa namna zilivyotawala usambazaji na kumbi za kuonyeshea. Kampuni hizo zikalazimika kutengana na kumbi zao, na wakati uo huo televisheni ikaanza kuwabakiza watazamaji majumbani. Mfumo wa zamani, ambamo filamu kubwa ilionyeshwa pamoja na nyingine ndogo ya kujazia onyesho, ukaanza kulegea. Nafasi ikapatikana kwa watayarishaji wadogo, lakini watayarishaji hao walihitaji hadithi zinazogharimu kidogo.

Hadithi ya familia iliyotekwa iliwafaa sana. Mandhari yake ni nyumba moja. Wahusika hawazidi wachache, mavazi ni ya kila siku, na wakati wa tendo ni usiku mmoja au siku mbili. Kwa sababu za kifedha filamu hizi zikajikuta zikitimiza sharti maarufu la umoja wa tendo, wakati na mahali. Inafaa kukumbushwa hapa kwamba Aristotle mwenyewe alisisitiza umoja wa tendo, na kwamba umoja wa mahali uliongezwa na wahakiki wa Italia wa karne ya 16. Kile ambacho wahakiki hao walikitunga kama kanuni ya tasnia, mtayarishaji maskini wa California alikipokea kama hesabu ya matumizi.

Matokeo ya kifani yalikuwa makubwa kuliko nia ya kubana fedha. Kamera isiyoweza kutoka nje hulazimika kuchunguza nyuso na vitu vya nyumbani: meza ya chakula, simu, ngazi, mchezo wa mtoto. Vitu hivyo hubadilika maana. Simu, ambayo kwa kawaida huunganisha nyumba na ulimwengu, huwa tishio kila inapolia. Mlango hukoma kuwa kinga. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Filamu hizi huingia ndani na kuonyesha kwamba wema wa nyumba, yaani mapenzi ya wazazi kwa watoto wao, ndio kamba ambayo mtekaji huitumia kuwafunga. Baba anaweza kutumwa kazini asubuhi bila mlinzi wa kumfuata, kwa kuwa mke na mtoto wamebaki nyumbani. Atarudi tu.

Mfano mzuri wa mwanzo ni He Ran All the Way ya mwaka 1951, iliyoelekezwa na John Berry na kutokana na riwaya ya Sam Ross ya mwaka 1947. Mhusika mkuu, Nick Robey, anakutana na msichana Peg Dobbs kwenye bwawa la kuogelea akiwa anatoroka baada ya wizi ulioishia katika mauaji. Msichana anamkaribisha nyumbani kwa nia njema. Ukarimu huo ndio mlango wa maafa. Katika tukio lenye nguvu kuliko yote, Nick ananunua bata mzinga, anaandaa meza, na kuitaka familia ile karamu pamoja naye. Familia inakataa, inataka kula chakula chake yenyewe. Nick anatoa bastola ili kumlazimisha baba ale. Hapa mtekaji ni mtu anayetamani kupendwa na familia, na ambaye hajui njia nyingine ya kuomba isipokuwa silaha. Methali ya Kiswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba ya Dobbs mgeni amekuja na mwenyeji ameugua, na mgeni mwenyewe hafi akiwa amepona: Peg anampiga risasi, naye anakata roho barabarani wakati gari alilolinunua kwa safari yao likifika.

Kinaya cha filamu hii huongezeka mtu akitazama nyuma ya pazia. Dalton Trumbo, mmoja wa waandishi wa mswada, alikuwa amepelekwa jela mwaka 1950 kwa kukataa kujibu maswali ya kamati ya bunge iliyowasaka wakomunisti, na jina lake halikuonekana kwenye filamu. Guy Endore ndiye aliyeitwa mwandishi mahali pake. John Berry alihamia Ufaransa kukwepa msako uo huo. John Garfield, aliyeigiza nafasi ya Nick, aliitwa mbele ya kamati hiyo mwaka 1951, na mwaka 1952 alifariki akiwa na umri wa miaka 39. Hii ilikuwa filamu yake ya mwisho. Hofu iliyomo nyumbani mwa Dobbs ilitungwa na watu ambao wenyewe walikuwa wakisikiliza hatua mlangoni.

Mwaka 1954 ilitoka Suddenly, iliyoelekezwa na Lewis Allen. Frank Sinatra anaigiza John Baron, muuaji wa kukodiwa anayeiteka nyumba ya familia ya Benson kwa sababu dirisha lake linatazama kituo ambapo treni ya Rais itasimama. Mama wa nyumba ni mjane wa vita anayechukia bunduki kiasi cha kumnyima mwanawe bastola ya kuchezea. Bastola hiyo ya kuchezea na ile ya kweli iliyomo kwenye droo ya babu hubadilishana nafasi, na televisheni mbovu ya sebuleni inageuzwa kuwa mtego wa umeme. Kwa hiyo vitu vya nyumbani vilivyokuwa vya mateka vinakuwa pia silaha zao. Filamu ina urefu wa dakika 75 hivi, na sehemu yake kubwa haitoki ndani ya chumba kimoja.

Mwaka 1955: Njia Mbili

Mwaka 1955 utanzu huu ulifikia kilele chake, na uligawanyika katika njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya The Night Holds Terror. Andrew Stone aliiandika, akaitayarisha na kuielekeza yeye mwenyewe, na mkewe, Virginia Stone, akaihariri. Inasimulia kisa kilichotokea California mwaka 1953: mwanamume anampa lifti kijana barabarani, kijana anatoa bastola, na wenzake wawili wanajiunga naye. Majambazi wanataka gari liuzwe, lakini mnunuzi hawezi kutoa fedha taslimu hadi kesho yake. Basi usiku mzima lazima upitishwe nyumbani kwa mtu huyo, pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Baadaye wanagundua kwamba baba yake ana mali, na wizi wa gari unageuka kuwa utekaji nyara wa kudai fidia. John Cassavetes, ambaye baadaye angekuwa mwelekezi mashuhuri wa filamu za kujitegemea, aliigiza kiongozi wa genge.

Stone alipendelea kupiga picha mahali halisi badala ya studio, na humo alitumia msimulizi asiyeonekana anayeeleza mambo kwa sauti kavu kama ya ripoti ya polisi. Sehemu ya mwisho inajishughulisha mno na kazi ya mafundi wa simu wanaojaribu kugundua simu ya watekaji inatoka wapi. Kwa mtazamo wa usanii filamu ina ukavu wake, na wahusika wengine hawana kina. Lakini ukavu huo una uaminifu ndani yake. Jambo linaloshikilia taharuki ni dogo kabisa: fedha za gari hazitapatikana hadi asubuhi. Uhaba wa bajeti umekutana hapa na uhaba wa matukio, na hofu imeachwa ikae katika muda mrefu usio na tendo.

Njia ya pili ni ya The Desperate Hours. Joseph Hayes aliichapisha riwaya yake mwaka 1954. Tamthilia yake ilifunguliwa Broadway mnamo Februari 1955, Karl Malden akiigiza baba na Paul Newman akiigiza kiongozi wa wafungwa watatu waliotoroka. Ilipata tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya mwaka huo. Filamu yake, ambayo Hayes mwenyewe aliiandikia mswada, ilielekezwa na William Wyler kwa ajili ya kampuni ya Paramount, na ikatolewa mwaka uo huo. Bogart, miaka 20 baada ya Duke Mantee, alirudi kuwa mtekaji, na Fredric March akawa baba, Dan Hilliard. Hii haikuwa kazi ya bei nafuu. Fani iliyobuniwa na maskini ilikuwa imenunuliwa na matajiri.

Wyler aliielewa vizuri fani hiyo. Wafungwa wanaichagua nyumba ya Hilliard kwa sababu ya baiskeli ya mtoto iliyoachwa kwenye nyasi. Mahali penye baiskeli pana mtoto, na penye mtoto baba hatathubutu. Alama ya utulivu wa familia imesomwa na mhalifu kama tangazo la udhaifu wake. Katika kilele, Hilliard anaishika bastola iliyojaa risasi mbele ya mtekaji aliyebaki mtupu, na badala ya kuua anamwamuru atoke nyumbani mwake. Polisi ndio wanaomuua nje. Kwa hiyo nyumba inatakaswa bila baba kuwa muuaji, na hadhira inaondoka imeridhika.

Lakini kabla ya kufikia kuridhika huko, Hayes alihitaji ukatili. Katika kisa chake baba na mwana wanapigwa, na binti anatukanwa matusi ya aibu. Mahitaji haya ni ya fani. Hadhira iliyokaa saa mbili ikitazama sebule moja hudai kwamba tishio lithibitishwe, na tishio lisilothibitishwa kwa tendo huanza kuonekana hafifu. Stone aliweza kuliepuka dai hilo kwa kiasi fulani kwa kukubali kuwa mkavu. Hayes, aliyekuwa akiandikia jukwaa kubwa, hakuwa na nafasi hiyo. Na hapa ndipo familia nyingine inapoingia katika historia.

Familia ya Hill

Mnamo Septemba 11, 1952, wafungwa watatu waliotoroka katika gereza la shirikisho la Lewisburg waliingia katika nyumba ya familia ya Hill huko Whitemarsh, karibu na Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania. Baba, mama na watoto watano walizuiliwa kwa muda wa saa 19. Kisha wafungwa wakaondoka, na familia ikabaki salama. Wanahabari walipofika, baba alieleza kwamba wafungwa hao waliwatendea kwa adabu, kwamba hawakumgusa mtu, na kwamba hapakuwa na vurugu yoyote. Wawili kati ya wafungwa hao waliuawa baadaye katika mapambano na polisi. Familia ilijiepusha na magazeti, ikahama Pennsylvania na kwenda kuishi Connecticut.

Hayes hakuitaja familia ya Hill katika riwaya yake. Familia yake ya kubuni ilikuwa ya watu wanne, haikuwa ya watu saba. Mandhari yake yalikuwa Indianapolis. Na visa vya namna hiyo vilivyomchochea vilikuwa zaidi ya kimoja. Mpaka hapo hakuna mhakiki anayeweza kumlaumu. Msanii huchukua mbegu popote aionapo na huiotesha anavyotaka. Msimulizi wa ngano za Kiswahili hufanya vivyo hivyo, ila yeye huanza kwa kutamka "Paukwa!" na hadhira huitikia "Pakawa!" Katika mwito na mwitikio huo pande zote mbili hukubaliana kwamba zimeingia katika ulimwengu wa kubuni, na hakuna atakayetoka hapo akamshitaki jirani yake kwa mambo aliyoyatenda Sungura.

Mapatano hayo yalivunjwa na gazeti la Life katika toleo moja la Februari 1955. Likitangaza tamthilia mpya, Life liliwaambia wasomaji wake kwamba kisa cha kweli cha familia ya Hill ndicho kilichozaa mchezo huo, na kwamba sasa wangeweza kukiona kikitendwa upya. Kisha likafanya jambo la ajabu zaidi. Liliwapeleka waigizaji hadi Whitemarsh, kwenye nyumba ile ile iliyokuwa ya familia ya Hill, likawapiga picha humo wakiigiza vipande vya tamthilia: mtoto wa kiume akitendewa kwa ukatili, binti akimng'ata mtekaji mkono ili aangushe bastola, baba akiitupa bastola nje ya mlango. Hakuna hata kimoja kati ya vitendo hivyo kilichotokea katika nyumba hiyo mwaka 1952.

Picha hizo zinastahili kuchunguzwa kama matini. Kuta zilikuwa za kweli na watu walikuwa wa kubuni, na ukweli wa kuta uliazimwa ili kuwathibitisha watu. Msomaji wa gazeti hakuwa na njia ya kutenganisha kimoja na kingine. Kwa familia iliyohama ili isahau, nyumba ilikuwa imetekwa mara ya pili, na safari hii watekaji hawakuwa na adabu ya wale wa kwanza. Isitoshe, kipigo na matusi ya tamthilia viliangukia miili ya watu waliokuwa hai, wenye majirani, wenye watoto waliokuwa wakienda shule.

Kesi na Hukumu

Familia ilishitaki chini ya sheria ya faragha ya jimbo la New York ya mwaka 1903, inayokataza jina au picha ya mtu kutumiwa kwa ajili ya biashara bila idhini yake. Mahakamani ulitolewa ushahidi wa kitabibu kuhusu jinsi afya ya akili ya mama ilivyoathiriwa na makala hayo. Jopo la raia lililosikiliza kesi liliamua kwamba familia ilipwe dola 50,000 za fidia na dola 25,000 za kuadhibu. Baada ya rufani kiasi hicho kilipunguzwa hadi dola 30,000, lakini mahakama za jimbo zilishikilia kwamba familia ilikuwa na haki. Gazeti likapeleka shauri katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Wakili aliyesimama kwa niaba ya familia huko, mwaka 1966, alikuwa Richard Nixon, ambaye wakati huo hakuwa na cheo cha umma na ambaye angekuwa Rais mwaka 1969.

Hukumu ilitolewa Januari 9, 1967, ikiandikwa na Jaji William Brennan. Mahakama ilitengua uamuzi wa New York. Ilitumia kipimo ilichokuwa imekiweka mwaka 1964 katika kesi ya New York Times dhidi ya Sullivan: chombo cha habari kinachoandika juu ya jambo linalowahusu watu wengi hakiwezi kutozwa fidia isipokuwa ikithibitishwa kwamba kilijua kuwa kinasema uongo au kwamba hakikujali hata kidogo kama ni uongo au la. Kwa kuwa jopo halikuelekezwa kulipima shauri kwa kipimo hicho, uamuzi wake haungeweza kusimama. Jaji Abe Fortas aliandika maoni ya kupinga, akisisitiza kwamba faragha ni haki ya msingi na kwamba uhuru wa magazeti haukuhitaji kafara ya namna hii. Familia haikuendelea na kesi. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu toleo lile la Life.

Ni rahisi kwa mhakiki kuipinga hukumu hiyo kwa huruma, na ni rahisi vilevile kuitetea kwa kupenda uhuru wa maandishi. Pande zote mbili zina uzito. Nchi ambazo mwandishi hutishwa kwa mashitaka kila anapogusa maisha ya wakubwa zinajua thamani ya kipimo kigumu kama kile cha Brennan. Lakini kipimo hicho kilitungwa kwanza kwa ajili ya maafisa wa serikali, watu wenye jukwaa la kujibia. Familia ya Hill haikuwa na jukwaa. Kilichoifanya kuwa jambo la umma ni kwamba wahalifu walichagua mlango wake.

Kioo Kinapomtazama Mtazamaji

Katika miaka iliyofuata utanzu uliendelea, mara kwa bei ndogo, mara kwa bei kubwa. Michael Cimino aliirudia The Desperate Hours mwaka 1990. Kazi iliyoukabili utanzu kwa ukali zaidi, hata hivyo, ilitoka Austria. Ni Funny Games ya Michael Haneke ya mwaka 1997, ambayo mwelekezi mwenyewe aliirudia kwa Kiingereza mwaka 2007, picha kwa picha. Kijana mwenye heshima na glavu nyeupe anafika katika nyumba ya mapumziko kuomba mayai. Mwenyeji anampa. Kutokana na ombi hilo la ujirani, familia ya watu watatu inatekwa na kuangamizwa.

Haneke anaficha sehemu kubwa ya ukatili nje ya picha, kisha anamfanya mmoja wa watekaji aigeukie kamera na kuzungumza na hadhira. Mama anapofaulu kumpiga risasi mtekaji mmoja, mwenzake anachukua kidude cha kuendeshea televisheni, anairudisha filamu nyuma na kulifuta tendo hilo. Ushindi ambao Hilliard alizawadiwa mwaka 1955 unanyang'anywa mbele ya macho ya watazamaji, nao wanaulizwa kwa nini waliuhitaji. Kwa maneno mengine, Haneke anatamka "Paukwa" yake waziwazi, katikati ya hadithi, kwa namna inayouma. Anakiri kwamba mambo haya yametungwa, na kwamba yametungwa kwa sababu kuna mtu aliyelipa ili ayatazame. Kukiri huko ndiko Life lilikokataa kufanya.

Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba fani haiakisi tu, inadai. Uhaba wa fedha uliidai hadithi ibaki katika nyumba moja, na dai hilo likazaa filamu zenye uchunguzi wa nafsi usio wa kawaida, kama He Ran All the Way na meza yake ya karamu. Hadhira nayo ilidai kipigo na ushindi, na dai hilo likampa Hayes tuzo. Hakuna ubaya katika madai haya maadamu yanatambuliwa kuwa ni ya sanaa. Yakitambulishwa kuwa ni ya maisha, mtu halisi hulazimika kubeba majeraha ambayo mtunzi aliyahitaji.

Kwa hiyo kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii inafaa kutumiwa kwa uangalifu zaidi kuliko ilivyozoeleka. Kila inapodaiwa kwamba kazi fulani inaakisi tukio fulani, mhakiki hana budi kuuliza ni nani anayedai hivyo, kwa faida gani, na ni mambo gani yaliyoongezwa ili kutimiza haja za fani. Swali hili linahusu tamthilia za kihistoria, riwaya za kitawasifu na filamu za visa vya kweli kwa kiwango kimoja, ziwe za lugha gani. Wale wafungwa watatu wa mwaka 1952, kwa ushuhuda wa mateka wao, waliondoka bila kumgusa mtu. Huo ndio ukweli wa nyumba ya Whitemarsh, na ndio ambao hakuna tamthilia wala picha iliyokuwa tayari kuusimulia.